Kubeti AFL kwa hesabu: je, bado ni kamari?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mtu wa Mombasa, ninaishi Melbourne na kazi yangu ni ya takwimu. Huku mpira unaopendwa ni ule wa AFL, unaochezwa kwa mpira wenye umbo la yai. Mimi sibahatishi. Nimetengeneza programu inayokadiria nafasi ya kila timu, na naweka pesa pale tu kampuni ilipokosea bei: wao wanalipa 1.90 kwa kila dola moja, mimi naona timu ina nafasi 55 kwa mia. Msimu ukiisha nina faida. Hii nayo ni kamari? Mbona Sayyidna Abubakar aliwekeana na washirikina juu ya ushindi wa Warumi? Na pesa nilizokwisha mtumia mama je?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Hesabu yako nimeipitia na imekaa sawa. Kwa odi ya 1.90 na nafasi 55 kwa mia, kila dola 100 unayoweka itakurudishia wastani wa dola 104.50. Najua pia kwamba kampuni ikiweka 1.90 pande zote mbili, mwenye kuweka dola 100 huku na 100 kule atarudishiwa 190 tu. Zile kumi ni zao, ashinde nani ashinde. Kwa hiyo wewe umewazidi ujanja, na wengi wa wateja wao hawawezi.

Lakini waliosema kamari ni haramu hawakuangalia nani hodari wa hesabu. Mafakihi wameitazama kamari kwenye mkataba wenyewe: kila upande unaingia ama upate mali ya mwenzake, ama upoteze yake, kwa jambo ambalo mwisho wake haujulikani. Elimu yako imekusaidia kuupima huo mwisho, haikuuondoa. Anayenunua karafuu Pemba kwa kutarajia bei ipande, bei ikianguka bado karafuu anazo ghalani. Wewe king'ora cha mwisho kikilia, mkeka wako umechanika, huna ulichonunua.

Tena mtu wa takwimu ndiye anayejua haya kuliko mimi. Fainali ya AFL ya mwaka 2010 pale uwanja wa MCG, Melbourne, Collingwood na St Kilda walitoka sare 68 kwa 68, na pointi iliyosawazisha ilitokana na mpira uliodunda upande ambao hakuna aliyeutarajia. Wiki iliyofuata timu zilezile zikarudiana, Collingwood wakashinda kwa pointi 56. Programu gani ingeziona mechi hizo mbili mapema?

Mtume (s.a.w.) ameruhusu zawadi ya mashindano katika ngamia, farasi na mishale, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Wanazuoni wamejadili sana ni mashindano gani mengine yaingie humo, na mjadala huo ni mpana. Lakini unamhusu anayeshindana. Wewe uko nje ya uwanja, hata mpira hujaugusa.

Ama Sayyidna Abubakar (r.a.), huo ndio ushahidi wenye nguvu uliouleta, na nimefurahi umeuleta. Aliwekeana kwa kutegemea ahadi ya Mola katika Suratur Rum kwamba Warumi watashinda, wala hakuwa na makisio ya 55 kwa mia. Na riwaya ya Tirmidhi inaeleza kwamba hayo yalikuwa kabla ya kuharamishwa kuwekeana. Aya ya 90 ya Suratul Maida, iliyoiweka kamari pamoja na ulevi, iliteremka Madina baadaye.

Mama yako hana dhambi, na usimdai arudishe kitu. Ulichokwisha tumia ukiwa hujui, tunataraji kimesamehewa kwa toba. Kilichobaki kwenye akaunti, toa mtaji wako uuchukue, ni wako. Faida iliyobaki wape mafukara au itie katika maslahi ya Waislamu, kama alivyoeleza Imam an-Nawawi akimnukuu al-Ghazali kuhusu mali ya haramu ambayo mwenyewe hajulikani. Nia iwe kujivua nayo, usiihesabu kuwa sadaka. Kisha, kama mkono ni mzito kuacha, Australia ina daftari la serikali liitwalo BetStop, lililoanza 2023: ukijiandikisha, kampuni zote zenye leseni za kubeti kwa mtandao na simu zinalazimika kukufungia.

Programu usiwauzie wanaobeti. Huko ni kusaidiana katika dhambi. Klabu ikitaka ikuajiri uwachambulie wachezaji, hiyo ni kazi halali. Kutazama mechi hakuna ubaya madhali sala hazipiti. Bachar Houli, Mwislamu, alicheza klabu ya Richmond ya AFL na kutwaa ubingwa mara tatu huku akijulikana kwa dini yake. Na lile shindano la kazini la kubashiri washindi kila wiki, kama halina kiingilio na zawadi inatoka kwa mwajiri, shiriki. Wakichangishana dola ishirini kila mmoja ili mshindi azizoe, jitoe.

Wallaahu aalam.