Weusi kwenye ndimu: dawa ya ukungu haitausaidia mti

SWALI: Bwana agronomu, mti wangu wa ndimu hapa Ibanda, Bukavu, umejaa weusi kama masizi ya sufuria. Nimepuliza dawa ya ukungu mara tatu na bado unarudi. Matawini kuna vibonge vya kahawia, na sisimizi hawakomi. Niukate?

JIBU: Usiukate, mama. Ila dawa ya ukungu iache leo hii, imekula pesa yako bure.

Chukua jani, lisugue kwa kidole kilicholowa. Weusi unatoka, na chini yake jani ni kijani. Ukungu huo haukuingia ndani. Unaota juu ya maji matamu yanayodondoka kutoka kwa hivyo vibonge. Ni wadudu hai, vidugamba. Wamechoma mrija kwenye tawi, wananyonya utomvu, na sukari inayowazidi wanaitoa nyuma. Kila wiki naletewa majani meusi, na kila wiki mtu ameshauziwa dawa ya masizi huku mdudu akiendelea kunyonya.

Banua kibonge kimoja kwa ukucha. Chini ya tumbo utakuta mayai au watoto, wadogo kama unga. Mgongo wa mama ndio paa lao, dawa inateleza juu yake. Wanaokufa kirahisi ni watoto wanaotembea, na hawatoki wote siku moja, kwa hiyo kupuliza mara moja hakutoshi.

Kata matawi yaliyolemewa. Funga shina kwa kitambaa kilichopakwa grisi (usiipake kwenye gome lenyewe), maana sisimizi wanakunywa ile sukari na kuwafukuza maadui wa vidugamba. Yeyusha gramu 10 za sabuni ya kipande kwa lita 1 ya maji, jaribu tawi moja kwanza, kisha puliza jioni, hasa chini ya majani. Rudia kila wiki, mara tatu au nne.

Kinachonikasirisha ni hawa wanaouza sumu kwenye chupa za maji, bila karatasi, au wanaokuambia uchanganye mafuta ya taa na sabuni ya unga. Nimeona mchungwa uliopulizwa hivyo: majani yote chini, vidugamba bado matawini. Sumu kali inaanza kuua maadui wa vidugamba: wale vidudu wekundu wenye madoa meusi na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya vidugamba. Wakiisha hao, vidugamba wanarudi wengi kuliko mwanzo. Na ndimu hizo mnazikamulia watoto kwenye chai! Muuzaji asipoweza kukutajia jina la dawa, kipimo chake na siku za kusubiri kabla ya kuchuma, mrudishie chupa yake.