Unachokifukia, Kiandike Kwanza

Vijana wanaosimamia ujenzi wa barabara na ulazaji wa mabomba huniuliza nilitoka na somo gani vitani, nao hutarajia niwasimulie habari za daraja la Kyaka, ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivunja mapema Novemba 1978, na jinsi wahandisi wa medani walivyolazimika kutandika njia nyingine juu ya Mto Kagera ili jeshi letu livuke. Mimi huwasimulia habari za kisiki.

Kikundi chetu kilipelekwa kwenye kambi ndogo ya mizinga, juu ya kilima kilichokuwa kusini mwa mto, mbali na barabara kiasi kwamba maji na unga vilipandishwa mabegani. Mvua za vuli zilikuwa zimekolea. Katika hali hiyo handaki huangushwa na maji kabla halijafikiwa na kombora, kwa sababu udongo wa paa ukilowa huongezeka uzito na magogo membamba hupinda. Magunia ya udongo tuliyajaza robo tatu tu, tukayaponda kwa ubao hadi yakalala bapa, kisha tukayapanga kama matofali, kila gunia likikalia kiungo cha mawili ya chini yake. Gunia lililojaa pomoni huviringika, na ukuta wake hauna maisha.

Upande wa bondeni tulitega mabomu 24. Ramani niliichora mwenyewe: umbali kwa hatua, uelekeo kwa dira, na mahali pa kuanzia kupima pakawa mti mkubwa uliosimama peke yake. Wiki chache baadaye paa la ghala la risasi lilianza kubonyea, nami nikaagiza magogo manene yaletwe upesi, bila kuuliza yangetoka wapi.

Januari 1979, vita vilipokuwa vimesogea Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, tuliamriwa kuyatoa mabomu yale. Nilishuka na ramani mkononi, nikautafuta mti, nisiuone. Koplo wangu alikohoa kidogo, akasema, "Afande, mti si ndio paa la ghala?"

Tulilala kifudifudi tukichokonoa ardhi kwa vyuma vyembamba vilivyolazwa mshazari, kwani chuma kikishuka wima hugonga bomu utosini. Alasiri ndipo tulipokipapasa kisiki chini ya tope na magugu, na kuanzia hapo mabomu 23 yalitoka, moja baada ya jingine, bila mtu kuumia.

Kwa hiyo, wewe unayefukia bomba au waya wa umeme, pima kutoka kwenye vitu viwili visivyokatika wala kuhamishika. Mwamba unafaa kuliko mti, na hata kuliko daraja, kama Kyaka ilivyotuonyesha. Andika idadi, kina na tarehe, na nakala moja isikae kwa mchoraji, maana mchoraji huhamishwa na pengine hufa. Mvua kubwa ikipita, rudi ukague, hasa penye mteremko, kwa kuwa ramani hueleza ulipokiweka kitu siku ile, ilhali maji hayajui kusoma.

Bomu la 24 tulilipata siku ya tatu, mbali na mstari wake, limelala ubavu mwishoni mwa mfereji nilioagiza uchimbwe ili maji yasiingie ghalani.