Kwa nini 4×6 inakata vichwa

Ndugu, umelalamika kwamba studio imekata vichwa ilipochapisha picha yenu ya familia kwenye karatasi ya 4×6. Studio haijakosea, ni umbo la picha lenyewe. Simu nyingi hupiga kwa uwiano (upande mrefu kwa mfupi) wa 4:3, ila karatasi ya inchi 4×6 ni 3:2. Ili karatasi ijae bila ukingo mweupe, lazima upande mmoja upunguzwe: picha ya pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 4000×3000 inabaki 4000×2667. Kwa picha ya kulala, yaani pana kuliko kimo chake, kama hiyo yenu ya familia, kinachoondoka ni juu na chini, ndiyo maana kilemba cha bibi kimekatwa.

Kata mwenyewe kabla ya kuipeleka. Fungua sehemu ya kuhariri kwenye simu, chagua uwiano 3:2, sogeza fremu mpaka vichwa vyote viwe ndani, kisha hifadhi kama nakala, usiguse ile ya asili. Kama hutaki kupoteza chochote, omba karatasi ya 6×8, hiyo ni 4:3 kamili. Nimesafisha picha za harusi miaka kadhaa, na hili ndilo linalowaumiza wateja kuliko yote.

Kuhusu ukubwa usihofu: 4×6 kwa pikseli 300 kila inchi inahitaji 1200×1800 tu. Ila usiitume WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na kupoteza pikseli. Itume kama dokumenti. Na ikishabanwa, kuikuza tena kwenye kompyuta hakurudishi sura iliyopotea, kwa hiyo tafuta faili la mwanzo kwa aliyepiga.