Kaunsela ananisimulia ndoa yake, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo shangazi. Tangu nimeachika silali, moyo unaenda mbio nikibaki peke yangu, basi nikajikaza nikaenda kwa kaunsela kwa mara ya kwanza. Nusu ya muda ananipa stori za ndoa yake, alivyomsamehe mumewe na mimi nisamehe, nimetoka nimechoka kuliko nilivyoingia. Ndo walivyo wote? Nikihama si nitaonekana nna dharau?

JIBU: Marahaba mwanangu. Sio wote, na hama tu. Kuchoka siku ya kwanza ni kawaida maana unafukua yaliyolala, ila zile dakika 50 hivi ni zako, kaunsela anaweza kugusia yake kidogo kama inakusaidia lakini sio wewe ugeuke mshenga wa ndoa yake jamani. Mtumie meseji, "asante, nimeamua kutafuta mtu mwingine", basi, maelezo humdai wala hakudai. Wanazizoea hizo.

Huyu wa pili mpigie kabla ya kwenda. Muulize kasomea nini, kama kasajiliwa, kama ashawahi kuhudumia watu walioachika wakakosa usingizi, na kazi yake anaifanyaje. Akijibu "tutaongea tu tutaona" mi ningeendelea kutafuta. Akikutajia CBT, yaani tiba ya kuongea inayobadili mawazo na tabia, hiyo ilianzishwa na daktari Aaron Beck miaka ya 1960, ujue utapewa homuweki, mfano moyo ukianza mbio unaandika palepale ulikuwa unawaza nini, halafu mnakaa mnalipima lile wazo kama lina ukweli. Kuna wanaoipenda, kuna wanaotaka kuongea tu mpaka yaishe, wewe ndo unajijua.

Mwanasaikolojia na daktari wa magonjwa ya akili watu wanawachanganya sana, huyo daktari ndo anaandika dawa, mwanasaikolojia sehemu nyingi haandiki. Na huo moyo kaupime kwa daktari wa kawaida pia, tezi ya shingo ikizidisha kazi nayo inaleta mapigo ya mbio na kukosa usingizi, usije ukalaumu talaka peke yake.

Siku ya kwanza huyo kaunsela mpya akwambie kukutunzia siri kunaishia wapi, kwa kawaida ni pale maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini. Mpe vikao vitatu vinne ndo uamue, kuzoeana kunachukua muda. Ila anayekuahidi utapona wiki mbili, au anayeanza kukutongoza, huyo hata cha pili usiende.