Swali la Lugha: Ni "onyesho" au "kipindi"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninatafsiri makala kuhusu burudani za Marekani, kuanzia majukwaa ya New York hadi televisheni. Nilipofika kwa yule mtangazaji wa televisheni niliandika "Onyesho la Ed Sullivan", mwenzangu akafuta akaweka "Kipindi cha Ed Sullivan". Nani yuko sahihi? Na ile burudani yao ya zamani ya jukwaani, vodevili, niiite vichekesho?

JIBU: Marahaba. Kwa Sullivan mwenzako kakushinda, ingawa si kwa mbali.

Onyesho limetokana na kuonyesha: panatakiwa jukwaa, na macho ya watu waliofika. Kipindi ni kipande cha muda, ndiyo maana mwanafunzi ana kipindi cha hesabu na mkulima anangoja kipindi cha mvua. Redio iliukatakata muda huo: sasa taarifa ya habari, baadaye salamu. Televisheni ikalirithi neno lilivyo. Nilipokuwa mchanga gazetini niliwahi kuandika "onyesho la redio". Mhariri akalizungushia wino mwekundu, pembeni akaandika: "Nani aliliona?"

Sasa makala yako inavuka mpaka huo katikati. Wachukue wachekeshaji George Burns na mkewe Gracie Allen. Walianzia jukwaani kwenye vodevili, mwaka 1932 wakaingia redioni, mwaka 1950 wakahamia televisheni. Gracie ni yule yule na majibu yake ya kupinda, lakini kwako mfasiri wamekuwa na maonyesho mpaka walipokaa mbele ya maikrofoni; kuanzia hapo wana kipindi. Vitenzi navyo vifuate: onyesho hufanyika, kipindi hurushwa hewani.

Sullivan ndiye mtihani wenyewe. Kipindi chake cha shirika la utangazaji la CBS, kilichoanza mwaka 1948 kwa jina jingine na kwisha 1971, kilirushwa Jumapili usiku kutoka ukumbi wa New York wenye watazamaji vitini. Bendi ya Beatles walipoimba humo tarehe 9 Februari 1964, watu mia saba na ushee walikuwa ukumbini wakiangalia onyesho, na huko majumbani watu wapatao milioni 73 wakitazama kipindi. Basi andika: "Beatles walifanya onyesho lao katika kipindi cha Ed Sullivan." Hapo hata mwenzako hatakuwa na la kufuta.

Vodevili usiiite vichekesho. Usiku mmoja jukwaani alipita mwimbaji, akaja wa mazingaombwe, wakaja mbwa waliofunzwa, akaja mrusha mipira, na mchekeshaji alikuwa mmoja tu kati yao. Aliyewahi kulipa kiingilio Dar es Salaam kuviona vikundi vya sanaa vya Muungano au TOT, akapata ngoma, sarakasi, kichekesho, maigizo na taarabu kwa tiketi ile ile, ataelewa upesi unachosema. Liache neno "vodevili" (vodevili hii, vodevili hizi), na mara ya kwanza lifafanue: onyesho la burudani mchanganyiko.

Jihadhari ukifika mwaka 1932, pale Palace, ukumbi mkuu wa vodevili New York, ulipogeuka wa sinema. Sinema nayo huonyeshwa, na msomaji anaweza kudhani "maonyesho ya Palace" bado ni ya wale mbwa. Andika "filamu zilionyeshwa", nomino uwaachie waliopanda jukwaani.