Kazi unayo, karatasi huna: kuomba uzamili wa usanifu na utayarishaji wa jukwaa

Dar es Salaam haina uhaba wa watu waliotoka jasho nyuma ya pazia. Yupo aliyefunga taa za tamasha, yupo aliyezunguka Kariakoo siku mbili akitafuta kitambaa cha maleba, yupo aliyesimamia mchezo wa uhamasishaji uwanjani Temeke na jukwaa lenyewe ni lori. Ikifika siku ya kuomba uzamili nje ya nchi, mtu huyo anatuma picha tano za waigizaji na barua inayosema anaipenda sana sanaa. Akikataliwa anailaumu GPA.

Mara nyingi GPA haina kosa. Kamati inataka kuona ulivyofikiri kabla onyesho halijaanza, na hilo linaonekana kwenye ramani ya jukwaa, orodha ya taa, bajeti na ripoti za mazoezi. Kazi umeifanya, ila karatasi zake zimebaki kwenye simu iliyoibiwa mwaka juzi.

Kabla ya karatasi, jua unaomba kazi ipi. Hapa kwetu mtu mmoja hubeba yote: asubuhi yuko Keko kwa mafundi mbao, mchana anawapigia simu waigizaji waliochelewa, jioni anawasha taa. Vyuo vya nje huzigawa kazi hizo. Msanifu hubuni mandhari, maleba, taa au sauti. Meneja wa jukwaa huendesha mazoezi na huita kila badiliko wakati wa onyesho. Fundi mkuu na meneja wa utayarishaji hushughulika na ujenzi, ratiba, usalama na fedha za mchezo. Meneja wa ukumbi au kampuni ya sanaa hushika tiketi, wafadhili na bodi. Pale Yale, kwenye David Geffen School of Drama, usanifu, ufundi na utayarishaji, umeneja wa jukwaa na umeneja wa tamthilia ni maombi tofauti kabisa. Ukiandika "naweza yote" wanakuelewa kwamba hujaamua. Chagua moja, halafu hizo nyingine zitaje kama uzoefu unaokusaidia kuelewana na wenzako.

Marekani shahada ya fani hii ni MFA (Master of Fine Arts), na kwa kawaida ni miaka 3 ya kazi za mikono. Uingereza MA ni mwaka 1, na MFA ya huko mara nyingi ni miaka 2. Hapo pana mtego: ufadhili wa Chevening, ule wa serikali ya Uingereza, unalipia uzamili wa mwaka mmoja tu, kwa hiyo ukijaza MFA ya miaka 2 umejitoa mwenyewe. Yale imefuta ada kwa wanafunzi wa shule hiyo ya tamthilia tangu 2021, baada ya mchango wa dola milioni 150, na ndiyo maana ushindani wake ni mkali. Kama lengo ni kurudi kufundisha chuo kikuu, Wamarekani huihesabu MFA kuwa kilele cha fani, lakini hapa itasomeka kama uzamili, na ngazi ya mhadhiri bado itakudai PhD. Chuo unachokitaka kithibitishe mapema na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kusubiri mpaka urudi na cheti mkononi ni kujitafutia presha.

Sasa karatasi zenyewe. Anza na ramani ya jukwaa. Ukumbi wowote unafaa, hata bwalo la shule. Chora mstari wa katikati na mstari wa mbele ya jukwaa, kisha pima kila kitu kutoka kwenye mistari hiyo miwili. Wengi hupima kutoka ukuta wa pembeni, na kuta zetu nyingi hazijanyooka, kwa hiyo mlango wa mandhari unaishia nusu mita kutoka pale ulipochorwa. Hakiki pembe kwa mshazari: jukwaa la mita 8 kwa 6 lazima mshazari wake uwe mita 10. Ukipata 10.2, jukwaa limepinda, na ramani iseme hivyo. Uingereza modeli ya jukwaa hujengwa kwa kipimo cha 1:25. Jukwaa hilo linakuwa sentimita 32 kwa 24 na linakaa vizuri kwenye karatasi ya A3. Marekani hutumia nusu inchi kwa futi, yaani 1:24. Usichanganye vipimo hivyo kwenye ukurasa mmoja. Mchoro wa penseli ulio sahihi unapokelewa, japo Vectorworks, programu ya kuchorea ramani, hutoa leseni ya bure kwa wanafunzi, na programu ya Eos ya taa unaweza kujifunzia kwenye kompyuta bila mtambo. QLab ya sauti inafanya kazi kwenye Mac tu, basi usiumize kichwa kuitafutia njia kwenye Windows.

Anayeomba umeneja wa jukwaa silaha yake ni kitabu cha kuongozea onyesho. Chapisha mswada upande mmoja wa karatasi, upande wa pili uache mtupu kwa ajili ya nyendo za waigizaji na maelekezo ya taa na sauti. Kila badiliko lipewe namba, muda na neno la kuanzia. "Taa zizime polepole" haimsaidii fundi. "Taa 14, sekunde 6, baada ya neno 'mama'" inamsaidia hata fundi aliyekuja leo kwa sababu mwenzake anaumwa. Tahadhari ya kumweka fundi tayari iandike nusu ukurasa kabla. Mswada ukiwa wa Kiswahili uache hivyo hivyo. Weka mbele ukurasa mmoja wa Kiingereza wenye muhtasari wa mchezo na maana ya alama zako. Usianze kutafsiri mswada mzima, utapoteza mwezi na hakuna atakayeusoma.

Ongeza ripoti mbili tatu za mazoezi. Ripoti nzuri haizidi ukurasa: saa ya kuanza na kumaliza, waliochelewa, kilichofanyiwa kazi, mahitaji mapya ya maleba na vifaa, ajali. Ripoti iliyoandika "umeme ulikatika saa 1:20 usiku, tukaendelea na sehemu ya 3 ya mchezo kwa taa za simu, tumepoteza dakika 15" ina uzito kuliko iliyoandika kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Hakuna mazoezi ambayo kila kitu kilikwenda sawa.

Mahesabu ya umeme ndipo maonyesho yetu ya uwanjani yanapokuwa mali. Jenereta ya kVA 5 hutoa takriban kilowati 4, na kwa usalama unaipakia asilimia 80, yaani 3.2. Taa tatu za wati 1,000 zimeshakula 3, na spika za wati 500 hazina nafasi. Soketi ya ampia 13 kwa volti 230 inabeba wati 2,990, kwa hiyo taa tatu kwenye ekstensheni moja ni kuomba plastiki iyeyuke. Weka hesabu hiyo kwenye ukurasa wa mchoro wako na eleza ulichokata: labda taa moja, labda ulikodi jenereta ya pili ya sauti ili mlio wa taa usiingie kwenye spika. Ukienda Marekani kumbuka volti zao ni 120, na taa ile ile ya wati 1,000 inavuta ampia 8.3 badala ya 4.3.

Picha zipigwe kwenye mazoezi ya mwisho yenye maleba, kutoka katikati ya ukumbi, jukwaa zima kwanza. Sura za karibu baadaye. Waombe waigizaji wagande sekunde mbili. Simu ikikutana na LED ya bluu huharibu rangi zote, kwa hiyo funga mwanga wa kamera usijirekebishe wenyewe. Chini ya picha andika mchezo, ukumbi, mwaka, bajeti kwa shilingi, na hasa kazi yako wewe. Kama mandhari ilibuniwa na mwenzako nawe uliijenga tu, sema hivyo. Kwenye usaili watauliza kwa nini ukuta ulikuwa wa kijani, na hapo uongo hauna pa kujificha.

Chevening inataka saa 2,800 za kazi, na za kujitolea au za muda zinahesabiwa. Mchezo wa wiki 6 za mazoezi, siku 5 kwa wiki, saa 4 kwa siku, ni saa 120. Wiki ya ufundi, ya kujaribu taa na sauti ukumbini, ni 40, maonyesho matano kwa saa 5 ni 25. Jumla 185. Michezo 15 ya namna hiyo inakufikisha 2,775, na bado unadaiwa saa 25. Anza jedwali leo, pamoja na jina la aliyekusimamia. Tamasha la Bagamoyo pale kwenye chuo cha sanaa cha TaSUBa, Sauti za Busara Zanzibar na kazi zinazofanyika Nafasi Art Space Mikocheni ni mahali pa kuongeza saa, na pia pa kumpata msimamizi wa kukuandikia barua. Barua ya mhadhiri aliyekuona darasani tu haitoshi. Moja itoke kwa mtu uliyewahi kumwokolea onyesho.

Matokeo ya Kiingereza ya IELTS yanaisha baada ya miaka 2, usiyafanye mapema mno. GPA iandike "3.8 kati ya 5.0" na usiibadilishe mwenyewe kwenda mizani ya 4.0, wala usiiache 3.8 peke yake, maana itasomwa kuwa kati ya 4.0 na kuonekana udanganyifu pale nakala ya matokeo inapofika.

Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi Desemba au Januari, na usaili huendelea hadi Machi. Wakikupa kazi ya karakana badala ya ada, uliza maswali manne kabla ya kukubali: ada yote imesamehewa au sehemu tu, bima ya afya nani analipa, posho ni ya miezi 9 au 12, na kazi ni saa ngapi kwa wiki. Viza ya F-1, ile ya wanafunzi, inaruhusu saa 20 chuoni wakati wa masomo. Miezi mitatu ya likizo bila posho ndiyo inayowashtua wengi.

Saa ya usaili iandike mara mbili. Saa 10 asubuhi ya New York mwezi Februari, kwa hesabu ya kwao, ni saa 12 jioni yetu, wakati wa foleni na wa umeme kuyumba. Kaa mahali penye jenereta, weka bando kwenye laini mbili, na kitabu chako cha kuongozea kiwe mezani, kimefunguliwa kwenye ukurasa wenye makosa mengi uliyoyasahihisha kwa mkono.