Barua kwa mwanangu: mara nyingi si daima

Isongole, Rungwe

Mwanangu,

Umeniuliza: kama kompyuta zimekagua namba shufwa kuanzia 4 hadi 4 yenye sifuri 18 nyuma yake, na kila moja imekuwa jumla ya namba tasa mbili, yaani zile zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu, kwa nini walimu wa hesabu bado tunasema dhana ya mwanahisabati Goldbach ya mwaka 1742, kwamba kila namba shufwa kuanzia 4 iko hivyo, haijathibitishwa? Unauliza kana kwamba tunaringa.

Mara nyingi si daima. Umelisikia hilo tangu hujaota meno. Mimi nililipata kidato cha pili, ubaoni. Mwalimu alitupa kanuni ya mwanahisabati Euler: chukua namba, izidishe kwa yenyewe, ijumlishe tena hiyo namba, kisha ongeza 41. Nikaanza na 0, nikafika 20. 41, 43, 47, 53, zote tasa. Nikatangaza kwa sauti, "Daima tasa!" Akanipa chaki: "Weka 40." Ikaja 1681. Nikagawanya kwa 3, 7, 11, 13, haigawanyiki. Nikafika 37, haigawanyiki, nikaanza kutabasamu. Kisha 41. Ni 41 mara 41! Kile kicheko cha darasa bado nakisikia. Na hebu ona uchokozi wake: 0 mpaka 39 zote zinakubali.

Sasa aibu ile nikaibeba mpaka shambani. Unaikumbuka masika ya vile viazi vya nyuma ya nyumba, ulipokuwa unavaa sweta la dada yako. Ukungu ulilala bondeni siku nne. Mama yako akasema nipige dawa, hali ikiwa hivi mara nyingi majani huungua kwa ugonjwa. Nikamjibu: mara nyingi si daima. Bomba likabaki stoo. Siku ya sita nikageuza jani: juu madoa meusi, chini utando mweupe kama unga uliopeperushwa. Tulivuna madebe matatu, nusu yake yameoza.

Mama yako hakuwa na uthibitisho. Lakini nani amewahi kuupata uthibitisho wa viazi? Shambani mara nyingi inatosha kumtoa mtu stoo na bomba. Kwenye namba haitoshi, hata zikipita hizo zako zote, maana zilizobaki hazina mwisho. Ingawa, nisijidanganye, hata mimi naamini Goldbach alipatia, na sina sababu nyingine zaidi ya hizo mara nyingi.

Kuhusu nani alikuwa sahihi masika ile, ningekwambia. Ila barua hii ataipiga picha mama yako kwa simu yake ndipo ikufikie.

Baba yako